Kupanga chumba master jiko pembezoni mwa Dar es Salaam: mambo ya kumaliza kabla hujalipa kodi ya miezi sita

Anayetafuta pa kujitegemea Dar es Salaam siku hizi anaishia pembezoni: Goba, Madale, Mbezi, Kibamba, Kinyerezi, Bunju, Chanika, Kigamboni. Huko ndiko viwanja vilipo, na huko ndiko wenye nyumba wanajenga safu za vyumba vinne, sita au nane ndani ya fensi moja, kila chumba na choo chake na kijisehemu cha kupikia. Madalali wanakiita master jiko. Kwenye matangazo ya mtandaoni utakiona kimeandikwa studio, na bei yake imepanda kidogo kwa sababu ya jina hilo. Ni chumba kilekile.

Kinachowaumiza wapangaji wengi ni mkupuo, kuliko hata kodi yenyewe. Unatoa hela ya miezi sita kwa siku moja, wakati mwingine ya mwaka mzima, na kuanzia hapo mwenye nyumba hana haraka tena na wewe. Bomba likikauka wiki ya pili, choo kikirudisha maji, jirani akifungua karakana ya kuchomelea mageti, utabembeleza tu. Nguvu ya mpangaji iko kabla hela haijatoka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu siku za kabla ya kulipa.

1. Piga hesabu nzima

Chukua mfano wa chumba cha shilingi 200,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 1,200,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 200,000. Umefika 1,400,000 na bado uko nje. Ongeza kirikuu cha kuhamisha vitu, kitasa kipya, mtungi wa gesi kama huna, ndoo kubwa za akiba ya maji, pazia na nyavu za mbu. Mtu mwenye 1,400,000 kamili mkononi hana uwezo wa kupanga chumba cha 200,000. Atafute cha 170,000 ili abakiwe na ya kuanzia maisha.

Tanzania Bara kwa sasa haina sheria inayomzuia mwenye nyumba kudai miezi mingi kwa pamoja. Sheria ya zamani iliyokuwa ikidhibiti pango ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kilichobaki ni mapatano. Na mapatano yanawezekana kuliko watu wanavyodhani. Nyumba mpya yenye vyumba vitatu vitupu ina mwenye nyumba anayetaka hela ya kumalizia fensi au kulipa fundi. Mwambie kwa adabu kwamba unaanza na miezi mitatu, kisha mitatu mingine. Akikataa, kubali miezi sita lakini omba kodi ishuke. Kwenye nyumba iliyojaa, ambako kila chumba kikitoka kinagombewa, usipoteze muda kubembeleza.

2. Chagua njia na maji kabla ya kuchagua chumba

Vigae vinavyong'aa na dari ya jipsam vinapatikana kila mahali. Barabara na maji havipatikani kila mahali.

Anza na nauli. Chumba cha 150,000 kilicho ndani kabisa, kutoka lami unapanda bodaboda ya 1,000, ni 2,000 kwenda na kurudi. Ukienda kazini siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 52,000. Tayari chumba chako ni cha 202,000, na bado hujalipa daladala. Mvua ikinyesha au ukichelewa usiku, boda hiyo haiwi tena ya 1,000. Kwa mtu anayefanya kazi mjini na kurudi saa tatu usiku, nashauri bila kusita alipie chumba cha karibu na kituo.

Njia yenyewe uijaribu asubuhi ya siku ya kazi, saa kumi na mbili, ukiwa umevaa kama unavyovaa kwenda kazini. Jumapili mchana kila mahali ni karibu. Upande wa Barabara ya Morogoro hali imebadilika tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kutoka Kimara mwaka 2016 na barabara ya Kimara kwenda Kibaha kupanuliwa, lakini anayekaa Kibamba au Mbezi na kupandia Kimara, asubuhi atakuta foleni ya watu hapo. Ione kwa macho yako.

Kisha maji. Jiji linategemea zaidi Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini unahudumia ukanda wa Bagamoyo, Bunju, Tegeta na kuingia mjini. Ruvu Juu unahudumia Kibaha, Kibamba, Mbezi, Kimara na maeneo yanayofuata. Oktoba 2022 mto ulipopungua, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, walitangaza mgao, na waliokaa kwenye miinuko na mwisho wa mabomba ndio walioteseka zaidi. Kwa hiyo swali la "Maji yapo?" halitoshi, kwa kuwa utajibiwa yapo. Uliza hivi: "Maji ya DAWASA yanatoka siku gani na siku gani? Yakikatika mnatumia nini? Simtank ni la lita ngapi, na linahudumia vyumba vingapi?" Tangi la lita 1,000 kwa vyumba sita linakauka ndani ya siku moja au mbili watu wakifua.

Kama ni kisima, onja. Sehemu nyingi za Dar maji ya kisima yana chumvi. Yatakufaa kwa kudekia na kusukuma choo, lakini sabuni haitoi povu na chai haina ladha. Hapo utahitaji bajeti nyingine ya maji ya kunywa na kupikia, nayo ni gharama ya kila wiki.

3. Dalali

Dalali mzuri anaokoa muda na viatu. Mjue kwa haya: yupo mtaani kwake, watu wanamfahamu, ana mawasiliano na mwenye nyumba moja kwa moja, na malipo yake anayachukua siku unayosaini mkataba. Wengi wanaomba hela ndogo ya kukuzungusha. Ni desturi, mkubaliane mapema ni kiasi gani na ni kwa nyumba ngapi, iwe mara moja tu, si kila mlango unaofunguliwa.

Anayekutaka utume hela ya kushikilia chumba ambacho hujakiona, achana naye hapohapo. Vivyo hivyo anayesema mwenye nyumba amesafiri, funguo anazo yeye, na kodi ilipwe kwenye simu yake. Mchezo wa chumba kimoja kulipiwa na watu watatu unaanza hivyohivyo.

4. Kukagua chumba

Nenda mara mbili, mchana na usiku. Kama ni kipindi cha masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba, nenda siku ya pili baada ya mvua kubwa. Wengine husubiri jua liwake ndipo wakatafute nyumba. Mimi ningependa uifuate mvua. Vilima na mabonde ya Goba, Mbezi na Kinyerezi vinaonekana vizuri sana kiangazi. Mvua ikinyesha, kuna njia ambazo bajaji haipiti, na kuna nyumba ambazo maji ya mtaa mzima yanateremkia getini kwake.

Ukiingia ndani, usianze na dari. Chuchumaa. Angalia ukuta sehemu ya chini, sentimita thelathini za kwanza kutoka sakafuni. Rangi ikiwa imevimba kama malengelenge, au kuna unga mweupe unaopukutika ukipitisha kidole, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, na kitanda chako na nguo zako zitanuka ukungu. Rangi iliyopakwa juzi katika sehemu hiyo tu, huku ukuta wa juu ni wa zamani, ni jambo la kuuliza. Angalia pia mstari wa maji ukutani kwa nje na kwenye fensi: mafuriko yanaacha alama, na alama hiyo ina kimo.

Chooni, fungua bomba na uliache litiririke dakika chache. Mwaga ndoo nzima ya maji chooni kwa mkupuo na usikilize. Yakienda kwa kusita na mapovu yanarudi, shimo limejaa au bomba limeziba. Kisha mwaga maji kwenye sakafu ya bafu uone yanaelekea kwenye tundu au yanakuja mlangoni. Muombe msimamizi akuonyeshe shimo la majitaka liko wapi na mara ya mwisho lilinyonywa lini. Na uulize hapohapo: gari la kunyonya likija, nani analipa? Kwenye nyumba ya vyumba sita hili ndilo chanzo kikubwa cha ugomvi, kuliko hata kelele.

Jiko la chumba cha namna hii mara nyingi ni kaunta na sinki pembeni mwa kitanda. Angalia dirisha liko wapi na mtungi wa gesi utakaa wapi. Kama jiko halina dirisha lake, moshi wa kukaanga samaki utalala nao, na gesi ikivuja haina pa kutokea. Chumba cha hivyo ningekiacha hata kikiwa cha bei ya chini.

Fungua na ufunge kila dirisha. Zungusha kitasa. Washa taa zote na uchomeke chaja kwenye kila soketi. Piga simu ukiwa katikati ya chumba, mlango umefungwa, na ufungue video kwenye simu uone intaneti inavyokwenda. Kuna mabonde ambayo mtandao mmoja unashika na mwingine haushiki kabisa.

Usiku unaporudi, sikiliza. Baa haijulikani mchana. Angalia taa za njia kutoka kituoni, na uliza geti linafungwa saa ngapi na nani ana funguo. Kwa dada anayerudi zamu ya usiku, jibu la swali hilo linaweza kuamua kila kitu.

5. LUKU

LUKU, yaani umeme wa mita ya kulipia kabla, naitenga kwa sababu ndiyo inayokula hela kimyakimya. Uliza: mita ni ya chumba changu peke yangu, au tunashea?

Mkishea, hesabu inawageuka wote. TANESCO, shirika la umeme, wana kundi la matumizi madogo, D1, kwa wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na kundi la kawaida, T1. Kwa bei zilizodumu miaka kadhaa, uniti ya D1 ukijumlisha kodi na tozo ni kama shilingi 122, na ya T1 ni kama 356. Mtu mmoja mwenye taa, feni, televisheni na friji ndogo, anayepikia gesi, anaweza kukaa ndani ya uniti 75. Kwa D1 hiyo ni kama 9,150 kwa mwezi; kwa T1 uniti hizohizo ni kama 26,700. Vyumba sita vinavyotumia mita moja haviwezi kubaki D1 hata vikijibana. Na juu ya bei kuna ugomvi wa nani ana pasi, nani ana hita ya maji, nani hajachanga wiki hii. Chumba chenye mita yake kinastahili kodi ya juu kidogo. Kama ni submita, yaani mita ndogo ya chumba iliyo chini ya mita kuu ya nyumba, mkubaliane uniti moja mnaihesabu kwa bei gani na nani anazisoma.

Kujua mita iko kundi gani ni rahisi. Muombe mwenye nyumba namba ya mita na ununue umeme wa 5,000 mkiwa pamoja. Ujumbe utakaorudi unaonyesha uniti, VAT, makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na deni kama mita inadaiwa. Ondoa deni na kodi ya jengo kama vimekatwa, kisha gawanya hela iliyobaki kwa uniti ulizopata. Ikija karibu na 122, ni D1. Ikija karibu na 356, ni T1. Na kama kuna deni la mpangaji aliyehama, umelijua leo badala ya kulijua baada ya kuhamia.

Kodi ya jengo yenyewe tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa imekuwa 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Ni kodi ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Kwa miezi sita ni 9,000. Mwambie mwenye nyumba aipunguze kwenye pango. Wengi wakielezwa kwa utaratibu hukubali, na kinachotakiwa ni kuandikwa.

6. Ongea na wapangaji

Mgongee mmoja mlango mwenye nyumba akiwa hayupo. "Habari za hapa, jirani? Nataka kuhamia chumba kile cha mwisho. Maji vipi? Mama mwenye nyumba akiambiwa kitu kimeharibika, anakuja?" Kisha nyamaza umuache aongee. Muulize aliyehama kwenye hicho chumba alihama kwa nini. Muulize pia kodi yake ni kiasi gani. Tofauti ya shilingi 30,000 kati ya vyumba viwili vinavyofanana ni jambo la kurudi nalo mezani.

7. Hakikisha unampa hela mwenye mali

Pembezoni viwanja vingi havina hati miliki. Utakuta leseni ya makazi, au mara nyingi hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa. Si jambo baya, ila jina lililo kwenye karatasi lifanane na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mtu anayepokea hela. Akiwa ni mtoto wa marehemu au ndugu wa mwenye nyumba aliye nje ya nchi, omba barua inayompa mamlaka hayo. Nyumba za urithi zenye ndugu wanaogombana zinawatoa wapangaji nje bila kosa lao.

Pita ofisi ya serikali ya mtaa. Utapaswa kujitambulisha huko hata hivyo ukishahamia, na mwenyekiti au mtendaji anajua nyumba ipi ina kesi. Anajua pia nyumba ipi imepigwa alama ya X ya kubomolewa. Watu wa Kimara hadi Kiluvya hawajasahau mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, wapangaji wakiwemo ndani yake.

8. Mkataba

Mkataba wa kurasa mbili wa Kiswahili unatosha. Uandikwe majina kamili na namba za NIDA za pande zote mbili, chumba kinachopangwa, kodi, muda kwa tarehe, na kwamba kodi haitapanda ndani ya muda uliolipiwa. Uandikwe nani analipa maji, taka, ulinzi na kunyonya shimo. Uandikwe muda wa notisi.

Kipengele cha matengenezo usikipite haraka. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba amuachie mpangaji aishi bila bughudha, na anapopangisha sehemu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ya maji ni juu yake kuvitunza. Mpangaji anatunza chumba na kukirudisha kilivyokuwa, ukiacha uchakavu wa kawaida. Mikataba mingi ya kununua kwenye maduka ya stationery ina mstari unaosema "matengenezo yote ni juu ya mpangaji". Ukate, mweke sahihi zenu pembeni. Uliyoahidiwa kwa mdomo, kama nyavu za madirisha au kufunga hita, yaandikwe na tarehe ya kukamilika.

Shahidi awe mtu wa serikali ya mtaa au wakili, na kila mmoja abaki na nakala yake.

9. Kulipa na kuingia

Lipa benki au kwa simu, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba. Kama mwenye nyumba ni mzee anayetaka taslimu, mlipe mbele ya shahidi na aandike risiti hapohapo. Dalali mlipe yeye mwenyewe, tofauti na kodi.

Siku unayopokea funguo, kabla hujaingiza hata godoro, piga picha: kuta, sakafu, sinki, choo, madirisha, vitasa, namba kwenye mita ya umeme na ya maji. Mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Badilisha kitasa jioni ileile. Waliokaa kabla yako, na mafundi, wanaweza kuwa na funguo.

10. Mambo yakienda kombo, na muda ukiisha

Kitu kikiharibika, sema kwa mdomo kwanza, kisha uandike ujumbe. "Shikamoo mama, naomba kukumbusha bomba la bafuni, tulizungumza Jumatatu." Heshima ibaki na maandishi yabaki. Mkishindwana, anzeni serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha. Suluhu ikishindikana, baraza linathibitisha hivyo, na hapo ndipo shauri linapokelewa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba anayekufungia mlango kwa kufuli jipya ukiwa na miezi iliyolipiwa hana haki hiyo. Nenda serikali ya mtaa siku ileile na mkataba wako na risiti.

Mwezi mmoja na nusu kabla kodi haijaisha, amua. Kama unabaki, muulize mwenye nyumba mapema kama kodi inapanda, ili ukisikia kiasi usichokiweza uwe na wiki kadhaa za kutafuta kwingine. Hapo pia ndipo pa kuomba mlipe kwa miezi mitatu mitatu, maana ameshakujua na hataki chumba kikae kitupu. Kama unahama, toa notisi kwa maandishi, malizia madeni ya maji na taka, na mkikague chumba pamoja mkiwa na zile picha za siku ya kwanza mkononi.